Mkwaruzo wa Saa Tano na Nusu

Bi Shamsa wa Kibokoni alinijia na amplifaya
ameifunga ndani ya leso kama mkate wa sinia,
akaitua mezani pangu, Makadara:
"Yakwaruza. Si kila mara.
Yakwaruza itakapo."

Nikaiwasha. Kutwa nzima iliimba
safi, kama mtoto wa chuoni mbele ya maalimu.
Nikazungusha kidude cha sauti, nikatekenya nyaya,
nikahamisha spika ya kulia kushoto
nione kelele itamfuata nani.
Haikumfuata mtu. Haikuwapo.

Nikapuliza dawa ya swichi,
maana hapa kwetu chumvi haisubiri kualikwa,
hupenya dirishani ikakalia kila shaba
mpaka ikaota ukijani.
Nikamrudishia. Mia tatu. Ahsante.

Jumatatu, simu: "Yakwaruza."
Jumatano, mezani pangu: kimya, adabu.
"Kwani mie mwongo?"
Na Feswali, mwanawe, kasimama mlangoni
anatazama viatu vyake, kwa namna ile
ya mtu aanzaye kuyahofia masikio ya mamake.

Hilo ndilo lililonikera, si amplifaya.
Kuna hitilafu inayomwogopa fundi
kama jino linaloacha kuuma ukifika kwa daktari,
ukabaki na aibu, mdomo wazi,
kidole kinapapasa mahali.

Nikaenda kwake. Sikubeba hata bisibisi.
Nilibeba daftari.

Saa tatu, safi.
Saa nne, friji ya jirani ikawaka: tik, ikapita.
Nikaandika. Siyo yenyewe.
Pikipiki chini ya dirisha. Siyo.
Kahawa chungu, kaimati tatu, ya nne kwa kulazimishwa.
Saa tano na nusu, fidla ndiyo kwanza inapanda,
krrrrr
kama mtu anayeburuta kiti ndani ya kifua.

Bi Shamsa hakusema neno. Alinikazia macho.
"Nimesikia," nikamwambia.
Akaketi. Kumbe muda wote huo alikuwa amesimama.

Ndipo nikaangalia inapokaa:
ndani ya kabati la vioo, kati ya vikombe vya harusi,
mgongoni imetandikwa kitambaa cha kufuma,
maua manane, kila ua juu ya tundu la hewa.
Nikaigusa. Moto kama kifuniko cha sufuria.
Kwangu ilikuwa uchi dirishani, yapigwa na upepo,
itaugulia nini?

Nikaazima mashine ya bintiye ya kukausha nywele.
Nikaifungua amplifaya, nikaipuliza joto
huku naigonga kwa ncha ya penseli,
taratibu, kama mtu anayechagua nazi:
hapa, kimya. Hapa, kimya.
Hapa
krrrrr.

Kiungo kimoja cha lehemu, mguuni mwa transista.
Ufa wa mviringo, mwembamba kuliko ukucha wa kichanga.
Ukipoa wafumba. Ukipata joto wafumbua.
Nimeupita mara mbili kwa macho haya haya.

Tone moja la lehemu. Moshi kidogo.
Kitambaa nikakikunja: "Hiki kivike mto, mama."

Akasikiliza saa tano ikapita, saa sita ikapita,
adhana ya adhuhuri akazima, akaswali, akawasha tena.
"Sasa hata pumzi za mpiga fidla nazisikia,"
akasema, na Feswali akacheka, akakaa kitako.
Nilikuwa nishavaa viatu.

"Na ule mvumo?"
"Upi?"
"Wa chini kabisa. Mmmm. Kama nyuki ndani ya chupa."

Feswali akageuka kutazama viatu vyake.
Nami nilishalishika tayari ulimini, lile neno
nililowaambia watu miaka kumi na tisa: si kitu, mama,
ni stima tu.

Nikavua viatu.
Nikatafuta ukurasa mtupu.
"Tangu lini?"